Mafuta Yana Mdomo

Nilipoacha chuo nikiwa mwaka wa pili, daftari pekee nililorudi nalo nyumbani lilikuwa la biokemia. Kuna sentensi humo niliyoipigia mstari mara mbili: mafuta ya mwili ni ghala. Unaweka nishati, unatoa nishati, basi. Nilikuja kujua baadaye kwamba sentensi hiyo ilikuwa imepitwa na wakati hata kabla sijazaliwa.

Hadithi inaanza na panya. Mwaka wa 1949, katika Maabara ya Jackson kule Bar Harbor, Marekani, walionekana panya wasioshiba. Walikula hadi uzito wao ukafika karibu mara tatu ya wenzao. Miaka ya 1960 ikapatikana aina ya pili, wanene vilevile lakini wenye kisukari kikali. Mwanasayansi mmoja wa hapo, Douglas Coleman, akafanya jambo la kukunjisha uso: aliwashona panya wawili ubavu kwa ubavu, damu ya huyu ikawa inapita kwa yule. Panya wa kawaida aliyeshonwa na mwenye kisukari aliacha kula, akafa njaa na chakula kiko mbele yake. Mnene wa aina ya kwanza naye, akishonwa na yule yule, alikufa hivyo hivyo.

Coleman akasoma kisa hivi: kuna kitu ndani ya damu kinachosema "tumeshiba." Panya wa kwanza hawezi kukitengeneza. Wa pili anacho tele, ila hakisikii. Wakati huo wengi waliamini unene ni tabia tu, ati mtu hajui kujizuia. (Wapo bado. Wengine ni jamaa zangu.)

Kitu chenyewe kilikuja kupatikana mwaka wa 1994, na Jeffrey Friedman na wenzake katika Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York. Ilikuwa homoni, na kumbe inatoka kwenye mafuta yenyewe. Wakaiita leptini, kutoka neno la Kigiriki la wembamba. Kampuni ya Amgen ililipa dola milioni 20 kupata leseni, ikitarajia dawa ya kukonda. Haikuwa. Watu wengi wanene tayari wana leptini nyingi damuni. Kama wale panya wa pili, tatizo lao ni kusikia. Magazeti yakageukia mambo mengine.

Lakini leptini haiongei na ubongo peke yake. Seli za kinga pia zinaisikiliza, na ikizidi inazichochea. Tayari mwaka wa 1993, Gökhan Hotamisligil na Bruce Spiegelman kule Boston walikuwa wameonyesha kwamba mafuta ya panya wanene hutoa TNF, kemikali inayowasha inflamesheni, ule moto wa mwili unaouona kidonda kikivimba na kuwa chekundu. Mwaka wa 2003 watafiti wakakuta mafuta ya watu wanene yamejaa makrofaji, seli za kinga zinazokula viini: kutoka chini ya asilimia 10 ya seli kwa wembamba hadi karibu 40 kwa wanene. Adiponektini, homoni nyingine ya mafuta ambayo hutuliza, nayo hupungua. Ni moto mdogo usiozimika, bila kidonda chochote, na unachangia kisukari.

Upande wa waliokonda ndio ulionishika zaidi. Kwamba njaa na magonjwa hutembea pamoja, kila mtu anajua. Tulidhani ni kukosa nguvu tu. Mwaka wa 1998, Graham Lord na wenzake London waliwanyima panya chakula kwa saa 48, na kinga yao ikazimika. Kisha wengine wakanyimwa chakula vilevile lakini wakadungwa leptini. Njaa ni ile ile, ila kinga yao ilibaki ikifanya kazi. Maana yake kinga haikuwa imechoka. Ilikuwa imepewa amri ya kusimama. Mafuta yakipungua, leptini hushuka, na mwili hubana matumizi kama nyumba inayoanza kwa kumwachisha kazi askari wa lango.

Kwa binadamu ikaonekana vivyo hivyo. Mwaka wa 2002, kundi la Sadaf Farooqi na Stephen O'Rahilly kule Cambridge liliripoti kuhusu watoto waliozaliwa bila leptini kabisa. Walipodungwa homoni hiyo, seli T zao, askari wakuu wa kinga, ziliongezeka na kuamka.

Halafu Kampala. Katika hospitali ya Mulago, watafiti walipima homoni za watoto 77 waliolazwa kwa utapiamlo mkali. Matokeo yalitoka 2014: leptini ya chini kabisa ilikuwa miongoni mwa ishara kubwa za nani hatapona.

Nyanya yangu alizika mtoto mwaka wa 1984, ule wa ukame, watu wakila mahindi ya manjano. Ukimuuliza, hujibu haraka: alikufa kwa surua, si njaa. Kwake njaa ni aibu. Juzi nilimweleza kuhusu panya wa London huku akichambua mboga. Alinyamaza kidogo, kisha akasema mikono ya mtoto ilikuwa imekwisha kabla surua haijafika, na kwamba jirani aliyekuwa na ng'ombe, wake waliugua surua ile ile wakapona wote.