Shahada ya Kwanza ya Sayansi ya Kompyuta jijini Nairobi

Shahada ya kwanza ya sayansi ya kompyuta ni shahada ya miaka minne inayotunukiwa mwanafunzi aliyefaulu yuniti zote za lazima, akafanya mafunzo ya kazini, akatetea mradi wa mwaka wa mwisho na kuidhinishwa na seneti ya chuo kikuu chake. Jijini Nairobi kozi hii na jamaa zake hufundishwa katikati ya mji na kandokando yake, kuanzia Barabara ya Haile Selassie hadi Chiromo na Madaraka. Katika hatua zake zote, hisabati ndiyo sharti kuu. Humchuja mwombaji mlangoni, hubeba sehemu kubwa ya masomo ya miaka miwili ya mwanzo, na huitenga kozi hii na shahada za teknolojia ya habari zinazofanana nayo kwa jina.

Historia

Chuo cha kwanza Marekani kuwa na idara kamili ya sayansi ya kompyuta kilikuwa Purdue, mwaka 1962. Mwaka 1968 chama cha wanakompyuta cha ACM kilitoa mtaala wa kwanza wa kupigiwa mfano, na mitaala mingi ya leo, ya Kenya ikiwemo, bado inafuata mgawanyo wake wa hisabati, uprogramu na mifumo.

Chuo Kikuu cha Nairobi kilitokana na Royal Technical College, iliyopokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1956. Kilijitegemea mwaka 1970, baada ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kugawanyika na Makerere, Dar es Salaam na Nairobi kila moja kushika njia yake. Taasisi yake ya Sayansi ya Kompyuta iliundwa mwaka 1977 katika bewa la Chiromo, karibu na Riverside Drive, mahali ambapo mji unapakana na Westlands. Taasisi hiyo baadaye ilikuwa Shule ya Kompyuta na Informatiki. Chuo kilipofumua muundo wake mwaka 2021, shule hiyo ikawa idara chini ya Kitivo cha Sayansi na Teknolojia.

Vyuo vingine viliifikia fani hii kwa njia tofauti. Kenya Polytechnic ya Barabara ya Haile Selassie ilikuwa ikitoa stashahada za kiufundi kwa miongo kadhaa kabla ya kupewa hati ya chuo kikuu mwaka 2013 kwa jina la Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Kenya. Strathmore ilianzishwa Lavington mwaka 1961, ikahamia Madaraka, na kupata hati yake mwaka 2008. Kozi yake ya informatiki na sayansi ya kompyuta hukaa sambamba na ile ya teknolojia ya habari za biashara.

Masharti ya kujiunga

Njia kuu ya kuingilia ni mtihani wa kidato cha nne, KCSE, unaosimamiwa na Baraza la Mitihani la Kenya. Anayetaka shahada yoyote nchini kwa njia hii anahitaji wastani usiopungua C+. Baada ya udanganyifu kudhibitiwa, watahiniwa waliofikia kiwango hicho mwaka 2016 walikuwa 88,929, na waliopata A walikuwa 141 tu. Kwa sayansi ya kompyuta, wastani pekee hautoshi. Chuo huangalia pia gredi ya hisabati, na katika vyuo vingi ile ya fizikia.

Uteuzi hufanywa na KUCCPS, shirika lililoundwa kwa Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2012 na lenye ofisi ACK Garden House, eneo la Community. Kila kozi ina kundi la masomo manne linalopimwa peke yake, na kwa fani ya kompyuta hisabati na fizikia ndizo hutangulia. Gredi ya A ina alama 12 na E ina alama 1. Kwa hiyo masomo manne yana upeo wa alama 48, na masomo saba yanayohesabiwa kwenye wastani yana 84.

Ipo kanuni ambayo walimu na wanafunzi wameitumia kwa miaka mingi kukadiria nafasi ya mwombaji. Alama za masomo manne hugawanywa kwa 48 na jumla ya masomo saba kwa 84. Majawabu mawili huzidishwa, hutafutwa kipeuo cha pili, kisha jibu huzidishwa kwa 48. Mwombaji mwenye 42 kwenye kundi na 74 kwa jumla huishia na pointi 42.1 hivi. Kanuni hiyo inaonyesha kwa nini watu wawili wenye wastani uleule huweza kupishana: aliyefanya vizuri zaidi katika hisabati na fizikia ndiye hupanda. Kozi zenye waombaji wengi hufunga mlango juu kabisa ya kiwango cha chini kilichotangazwa, kwa sababu nafasi hujazwa kuanzia mwenye pointi nyingi kushuka chini.

Uamuzi mzito kwa hiyo hufanywa mapema. Hisabati ni ya lazima kwa kila mtahiniwa, lakini fizikia huachwa na wengi mwishoni mwa kidato cha pili, na anayeiacha hujifungia kozi hii bila kujua. Kinyume na inavyodhaniwa, somo la kompyuta la shule ya upili si sharti, kwani shule nyingi hazina hata maabara ya kulifundishia. Mwenye stashahada ya fani inayohusiana anaweza kukubaliwa kwa njia yake, na mwombaji wa mfumo wa A-level, kama wa Uganda, hupimwa kwa alama zake za juu katika hisabati na fizikia.

Karo na mikopo

Kwa muda mrefu mwanafunzi aliyefadhiliwa na serikali alilipa karo ya shilingi 16,000 kwa mwaka. Kuanzia 1998 Chuo Kikuu cha Nairobi kilipokea pia wanafunzi waliojilipia gharama yote, wakijulikana kama wa Module II. Mwaka 2023 serikali ilileta mfumo mpya unaopanga wanafunzi katika makundi matano kulingana na uwezo wa familia, kila kundi likiwa na kiwango chake cha ufadhili na mkopo. Mahakama Kuu iliutangaza mfumo huo kuwa kinyume cha Katiba mnamo Desemba 2024, kisha Mahakama ya Rufani ikasitisha uamuzi huo mwaka 2025. Mikopo hutolewa na bodi ya HELB, iliyoundwa mwaka 1995, ambayo ofisi zake ziko Anniversary Towers, hatua chache kutoka bewa kuu la Chuo Kikuu cha Nairobi. Karo ni sharti la kitaaluma pia, maana asiyeimaliza hawezi kuhitimu.

Yuniti na mpangilio wa masomo

Masomo hugawanywa katika mihula minane, na mwanafunzi husajili yuniti tano hadi saba kila muhula. Anayekwenda darasani bila kujisajili hana alama mwishoni, hata akihudhuria kila mhadhara.

Mwaka wa kwanza huwa na hisabati diskriti, kalkulasi, mantiki, elektroniki ya dijitali, misingi ya uprogramu na masomo ya jumla kama stadi za mawasiliano. Mwaka wa pili huongeza aljebra mstari, takwimu, miundo ya data, hifadhidata na muundo wa ndani wa kompyuta. Mwaka wa tatu hujaa algorithimu, mifumo endeshi, mitandao, uhandisi wa programu na nadharia ya automata. Mwaka wa nne huachia nafasi ya kuchagua: akili unde, usalama wa mitandao, michoro ya kompyuta, na kadhalika.

Wengi hushangaa kukuta hisabati nyingi kuliko kompyuta katika mihula ya mwanzo. Sababu yake huonekana kwenye algorithimu. Orodha ya wateja 1,000,000 isiyopangwa inaweza kudai ulinganisho 1,000,000 kabla ya jina moja kupatikana. Ikipangwa kwa alfabeti na kutafutwa kwa kuigawa nusu kila mara, ulinganisho 20 unatosha, kwa kuwa 2 ikizidishwa yenyewe mara 20 hupita milioni. Asiyeielewa hesabu hiyo, iitwayo logi, hawezi kueleza kwa nini programu moja hujibu papo hapo na nyingine hukwama, ingawa zote mbili zinatoa jibu sahihi. Yuniti za mwaka wa tatu hudhani kwamba maarifa haya yapo tayari, ndiyo maana aliyeburuta hisabati ya mwaka wa kwanza hukwama hapo.

Mitihani na madaraja

Katika Chuo Kikuu cha Nairobi mtihani wa mwisho wa muhula hubeba asilimia 70 ya alama za kawaida, na kazi za muhula, yakiwemo majaribio yanayoitwa CAT, hubeba 30. Alama 70 na zaidi ni A, 60 hadi 69 ni B, 50 hadi 59 ni C, na 40 hadi 49 ni D. Chini ya 40 ni kuanguka. Aliyeanguka hufanya mtihani wa marudio, sapu kwa lugha ya wanafunzi, na akiupita huandikiwa 40 tu hata kama amepata 80. Sapu huokoa yuniti lakini hushusha wastani.

Wastani huo ndio huamua daraja la shahada. Kuanzia 70 ni daraja la kwanza, kuanzia 60 ni la pili la juu, kuanzia 50 ni la pili la chini, na kuanzia 40 ni pasi. Tatizo linalojulikana katika vyuo vya umma ni alama zinazokosekana: mtihani umefanywa lakini rekodi haina kitu. Mwanafunzi hulazimika kumfuata mhadhiri na ofisi ya idara mpaka pengo lizibwe, kwa maana yuniti moja isiyo na alama huzuia shahada nzima.

Mafunzo ya kazini na mradi

Mafunzo ya kazini, ambayo wanafunzi huyaita atachimenti, kwa kawaida hufanywa katika likizo ndefu kabla ya mwaka wa mwisho. Mwanafunzi hujitafutia nafasi, hujaza daftari la kazi za kila siku, hutembelewa na msimamizi kutoka chuoni na kuandika ripoti. Nairobi magharibi ina nafasi nyingi kuliko mahali pengine nchini. Makao makuu ya Safaricom, kampuni iliyoanzisha M-Pesa mwaka 2007, yako Waiyaki Way, Westlands. Kituo cha iHub kilifunguliwa mwaka 2010 kwenye Barabara ya Ngong na kuvuta kampuni changa upande wa Kilimani, na Microsoft ilifungua kituo chake cha uundaji programu jijini mwaka 2019.

Mradi wa mwaka wa nne huchukua mihula miwili. Wa kwanza ni wa pendekezo: tatizo, mifumo iliyopo na kasoro zake, na muundo wa suluhisho. Wa pili ni wa kujenga, kujaribu na kuandika. Mwishoni mwanafunzi huonyesha programu ikifanya kazi mbele ya jopo na kuhojiwa. Programu inayoendeshwa vizuri bila maandishi yanayoeleza uamuzi wa mjenzi hupoteza alama nyingi.

Kuhitimu

Baada ya yuniti ya mwisho, orodha ya wanaostahili hutoka idarani, hupita kitivo na kufika seneti. Mwanafunzi naye huzunguka maktaba, mabweni na idara ya fedha kuthibitisha kwamba hadaiwi. Shahada hutunukiwa katika mahafali, na cheti huambatana na nakala ya alama za miaka yote minne.

Shahada jirani

Shahada ya teknolojia ya habari huweka uzito kwenye kusimika na kuendesha mifumo, na hisabati yake huwa nyepesi. Ya teknolojia ya habari za biashara huchanganya uprogramu na uhasibu na usimamizi. Uhandisi wa kompyuta huelekea vifaa na umeme. Shule za muda mfupi kama Moringa, iliyoanzishwa mwaka 2014 na kufundisha kwenye Barabara ya Ngong, hufundisha uprogramu kwa miezi badala ya miaka, bila kutoa shahada.

Hadhi ya kisheria

Mhandisi nchini Kenya lazima asajiliwe na bodi yake kabla ya kutumia jina hilo kikazi. Mwanasayansi wa kompyuta hana bodi kama hiyo. Mswada wa wataalamu wa teknolojia ya habari, uliotaka wasajiliwe na kupewa leseni, ulipitishwa na Bunge la Kitaifa mwaka 2022, lakini Rais Uhuru Kenyatta akakataa kuutia saini. Shahada hii kwa hiyo humfungulia mtu ajira za serikali na masomo ya uzamili, lakini si leseni ya kuandika programu.

Mabadiliko ya mfumo wa elimu

Mfumo wa 8-4-4, uliozaa shahada ya miaka minne, unaelekea ukingoni. KCSE yake ya mwisho imepangwa kufanywa mwaka 2027. Mtaala wa umilisi unafuata mpangilio wa 2-6-3-3-3, ambao unatenga miaka mitatu kwa chuo kikuu, na kundi lake la kwanza liliingia shule ya upili ya juu Januari 2026. Huko kuna njia tatu, na mwaka 2025 Wizara ya Elimu ilitangaza kwamba hisabati itabaki ya lazima kwa wote, ila kwa viwango viwili: hisabati kamili kwa walio katika njia ya sayansi na teknolojia, na nyepesi kwa wengine. Njia huchaguliwa katika gredi ya tisa. Uamuzi ambao wanafunzi wa 8-4-4 waliufanya katika mwaka wa kumi wa masomo, walipochagua kubaki na fizikia au kuiacha, sasa unafanywa mwaka mmoja mapema.