Bori la Jiwe la Amboseli

Kiko cha maji cha pwani kiliundwa na vipande vinne. Juu lilikaa bori, kikombe kidogo cha udongo wa kuchoma kilichobeba tumbaku na kaa la moto. Kutoka kwenye bori lilishuka digali mpaka ndani ya kifuu cha nazi kilichotiwa maji, na ubavuni mwa kifuu ikachomekwa shilamu, ambayo ndiyo mvutaji aliitia mdomoni. Akivuta, maji yalibubujika, na sauti hiyo nayo ilikuwa na jina: malio.

Katika kiko cha namna hiyo, udongo ulitosha kabisa. Bori lilipata moto, lakini hakuna aliyelishika kiganjani, na moshi ulikuwa umeshapoa majini kabla ya kufika kooni. Likipasuka, mfinyanzi hakuwa mbali.

Mimi sivuti tumbaku, wala simshauri mtu aanze. Kazi yangu ni kununua na kusafisha viko vya zamani hapa Arusha, na kila bori linalopita mikononi mwangu naliuliza maswali mawili: joto lake linakwenda wapi, na unyevu wake unakwenda wapi? Tumbaku ikiungua hutoa mvuke na lami. Kitu kilichotumika kutengenezea bori ndicho kinachoamua kama vitu hivyo vitamrudia mvutaji au la.

Ulaya nao walianza na udongo, mwishoni mwa karne ya 16, tumbaku ilipokuwa bado bidhaa ya bei kubwa kutoka Amerika. Ndiyo maana mabori ya kwanza ya Uingereza ni madogo mno, ncha ya kidole haiingii vizuri. Wafinyanzi wa London na wa mji wa Gouda, Uholanzi, walifinyanga viko vyeupe kwa wingi wa ajabu. Hawakutumia maji, kwa hiyo dawa yao ya joto ilikuwa kurefusha mrija. Kibarua asiyeweza kufanya kazi na mrija mrefu mdomoni alivuta kifupi, akaungua. Viko hivyo vilivunjika ovyo, na mpaka leo maji ya mto Thames yakipwa vipande vyake huonekana matopeni.

Marekani mkulima alikuwa na gunzi la mahindi. Henry Tibbe, seremala wa mji wa Washington katika jimbo la Missouri, alianza kuyakereza magunzi mwaka 1869, kisha akayapaka plasta ili yasiungue upesi. Ni bori jepesi na la bei nafuu, linalokunywa unyevu vizuri, ila halidumu.

Mti ulioshinda yote hayo ni Erica arborea. Kinachotakiwa ni kinundu kinachoota kati ya shina na mizizi, kigumu, chenye silika inayokifanya kisishike moto kwa urahisi. Mafundi wa Saint-Claude, katika milima ya Jura nchini Ufaransa, walianza kukichonga katikati ya karne ya 19. Kinundu huchemshwa kwa saa nyingi kitoe utomvu, kisha huachwa kikauke polepole, maana kikiharakishwa hupasuka. Hata baada ya hapo bori jipya linataka subira: mvutaji hulitumia taratibu mpaka masizi yajenge utando ndani na kuukinga mti. Mti huohuo unaota Kilimanjaro, juu kule msitu unakokaribia kuisha, na wapagazi wengi hupita chini yake bila kujua kwamba ndugu zake wa Mediterania walilisha miji mizima.

Lakini bori ninalolipenda halikutoka mtini. Limetoka ardhini, umbali wa safari ya asubuhi moja kutoka hapa nilipo.

Jiwe lenyewe ni sepiolaiti, ambalo wavuta kiko wa dunia hulijua kwa jina la meerschaum. Likikauka huwa jepesi kiasi cha kuelea majini, na limejaa vinyweleo vinavyofyonza lami na mvuke huku sehemu ya nje ikibaki ya vuguvugu tu. Halina ladha yake lenyewe, wala halihitaji kuzoeshwa moto. Lililosifiwa zaidi ni la Eskişehir, Uturuki. Huchimbwa likiwa bichi na laini, huchongwa kwa kisu, kisha huchovywa kwenye nta ya nyuki. Katika karne ya 19 mafundi wa Vienna walilichonga kuwa vichwa vya masultani na simba, na kwa kadiri lilivyovutwa likageuka kutoka weupe kuwa rangi ya asali, kisha kahawia.

Katika miaka ya 1950 jiwe hilo likaanza kuchimbwa bonde la Amboseli. Bonde hilo lilikuwa ziwa zamani sana, na tabaka zake zimelala pande zote mbili za mpaka wa Kenya na Tanzania. Upande wetu machimbo yalikuwa Sinya, katika nchi ya Wamasai, Longido. Arusha ikapata kiwanda cha viko, na kampuni ya Tanganyika Meerschaum Corporation ikapeleka bidhaa ng’ambo. Chapa iliyojulikana zaidi iliitwa Kiko, na alama yake ilikuwa tembo. Jiwe la Amboseli lilifika hata kisiwa cha Man, kwenye karakana ya Laxey, likachongwa huko.

Nina kiko kimoja cha chapa hiyo ya Kiko mezani. Tembo wake amepigwa muhuri mdogo ubavuni mwa mrija mweusi. Bori ni la kahawia iliyokolea. Rangi hiyo ilitiwa kiwandani, kwa kuwa jiwe letu ni zito na la chembe kubwa kuliko la Uturuki, na weupe wake si safi. Ndani, chini ya masizi, kuta ni nene na nzima. Hakuna ufa hata mmoja.

Kwa sababu ya weupe huo usio safi, wauzaji wa Ulaya waliliweka jiwe letu daraja la pili. Mimi nakataa hukumu hiyo. Walilipima kwa uzuri wa kuchongea masultani. Kwa kazi ya bori, yaani kumeza unyevu na kuvumilia moto, viko vya Arusha nilivyosafisha havina deni kwa yeyote.

Machimbo ya Sinya yameachwa, mashimo yamebaki. Walioshika patasi kiwandani sasa ni wazee. Kama babu au mama yako alikuwa mmoja wao, keti naye wiki hii, mwulize jiwe lilikaushwaje na rangi ilipikwaje, uandike. Na ukikuta kiko cha tembo kabatini usikitupe, wala usikiloweke majini, maana jiwe likilowa hulainika. Kipanguse kwa kitambaa kikavu.