Siku ngapi kwa juma? Historia ya ratiba za kunyanyua vyuma, kutoka Ugiriki ya kale hadi hospitali za vita

Vijana wengi wanaoanza kunyanyua vyuma huuliza swali moja kabla ya mengine yote: mazoezi yafanywe siku ngapi kwa juma? Tatu, nne, au sita? Swali hilo si jipya. Watu wameliuliza kwa zaidi ya miaka 1700. Jibu baya limewahi kumuua mtu, na jibu zuri limewasaidia askari waliojeruhiwa vitani kusimama tena. Historia yake inafundisha kwamba ratiba hupimwa kwa mwili, chakula na usingizi wa yule anayeifuata.

Habari ya zamani inatoka Ugiriki. Katika karne ya tatu, mwandishi Philostratus alieleza ratiba ya siku nne iliyotumiwa na walimu wa wanamichezo wa wakati ule. Siku ya kwanza ilikuwa ya kuamsha mwili kwa mazoezi mafupi ya haraka. Siku ya pili mwanamichezo alitumia nguvu zake zote. Siku ya tatu alipumzishwa, na siku ya nne alifanya kazi ya wastani. Kisha mzunguko ulianza upya. Kwa mtazamo wa leo mpango huo haukuwa wa kijinga, kwa sababu siku nzito ilifuatwa na pumziko.

Ubaya ulikuwa katika namna ya kuutumia. Philostratus anasimulia habari ya mpigana mieleka aitwaye Gerenus, aliyekuwa ametoka kushinda Olympia. Alisherehekea pamoja na rafiki zake, akala na kunywa kupita kiasi, akakosa usingizi. Alipofika mazoezini alimwambia mwalimu wake waziwazi kwamba hajisikii vizuri. Mwalimu alikasirika kwa sababu mzunguko wa siku nne ulikuwa unavurugwa, akamlazimisha kuendelea. Gerenus alikufa katikati ya mazoezi. Mwandishi huyo hakumlaumu Gerenus. Alimlaumu mwalimu aliyeifuata kalenda bila kumtazama mtu aliyesimama mbele yake.

Karne nyingi zilipita. Mwaka wa 1902, mjini Philadelphia nchini Marekani, Alan Calvert alianzisha kampuni ya Milo Barbell na kuanza kuuza vyuma ambavyo uzito wake uliweza kuongezwa kidogo kidogo. Mtu wa kawaida, mfanyakazi wa kiwandani au wa ofisini, sasa aliweza kuanza na uzito mdogo nyumbani kwake na kupanda polepole. Ushauri uliozoeleka kwa watu hao ulikuwa kufanya mazoezi siku moja na kupumzika siku inayofuata. Hapo ndipo desturi ya siku tatu kwa juma ilipopata mizizi: Jumatatu, Jumatano na Ijumaa.

Hata hivyo waganga wengi waliviogopa vyuma vizito. Waliamini kwamba vinaharibu moyo na kukaza viungo. Woga huo ulipungua kwa sababu ya vita.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, hospitali ya jeshi ya Gardiner mjini Chicago ilikuwa imejaa askari wenye majeraha ya magoti na miguu. Desturi ilikuwa kuwapa mazoezi mepesi yanayorudiwa mara nyingi, na wengi walikaa kwa muda mrefu bila kupata nguvu. Daktari mmoja kijana, Thomas DeLorme, hakuridhika. Yeye mwenyewe alipokuwa mvulana aliugua homa ya baridi yabisi iliyomlaza kitandani, na baadaye alijirudishia nguvu kwa kunyanyua vyuma. Aliwafunga askari viatu vya chuma miguuni, akawapa uzito ambao kila mmoja aliweza kuunyanyua mara 10 tu. Kila juma aliwapima upya, na nguvu ikiongezeka aliongeza uzito.

Matokeo yalikuwa mazuri. Mwaka wa 1945 alichapisha njia yake, ambamo mgonjwa alifanya kati ya seri 7 na 10, kila seri ikiwa na marudio 10. Lakini jambo lenye faida zaidi kwa anayechagua ratiba lilikuja miaka mitatu baadaye. Mwaka wa 1948, pamoja na mwenzake Arthur Watkins, DeLorme alipunguza kazi hiyo hadi seri 3: ya kwanza kwa nusu ya uzito, ya pili kwa robo tatu, na ya tatu kwa uzito kamili. Aliona kwamba seri nyingi hazikuwa lazima. Wagonjwa walipona kwa kazi ndogo iliyopimwa vizuri.

Katika miaka ileile, nchini Uingereza, Dkt. Ludwig Guttmann, aliyekuwa amekimbia utawala wa Wanazi nchini Ujerumani, alikuwa akiwatunza watu walioumia uti wa mgongo katika hospitali ya Stoke Mandeville. Aliingiza michezo katika matibabu yao. Mwaka wa 1948 aliandaa mashindano ya watu wa viti vya magurudumu, ambayo yalizaa michezo ya Paralimpiki. Kunyanyua vyuma kuliingia katika Paralimpiki mwaka wa 1964 mjini Tokyo, kwa wanaume walioumia uti wa mgongo. Wanawake walipokelewa mwaka wa 2000 mjini Sydney. Leo Nigeria na Misri ni miongoni mwa nchi zilizopata medali nyingi katika mchezo huo.

Kwa wasioumia pia mchezo ulikua. Ule unaoitwa kwa Kifaransa force athlétique una manyanyuo matatu: kuchuchumaa na kusimama huku chuma kikiwa mabegani, kusukuma chuma juu ukiwa umelala chali kwenye benchi, na kunyanyua chuma kutoka chini hadi kusimama wima. Mashindano yake ya kwanza ya dunia yalifanyika York, Pennsylvania, mwaka wa 1971, na shirikisho la kimataifa likaundwa mwaka wa 1972. Kuanzia hapo kila shule ya mazoezi ilikuwa na jibu lake kuhusu siku za juma.

Wale wa siku tatu walikuwa na walimu wakubwa. Reg Park, Mwingereza aliyehamia Afrika Kusini, aliandika mwaka wa 1960 kitabu kilichoeneza mpango wa seri 5 za marudio 5. Bill Starr, Mmarekani, aliuendeleza mwaka wa 1976 kwa ajili ya wachezaji wa mpira wa Kimarekani. Aliweka siku moja nzito, moja nyepesi na moja ya wastani. Alijua kwamba mtu hawezi kuwa na nguvu zake zote mara tatu kwa juma.

Wale wa siku nne walimfuata Louie Simmons wa Columbus, Ohio. Aligawa juma katika sehemu mbili: siku mbili za miguu na mgongo, siku mbili za kifua na mikono. Kila sehemu ilipata siku moja ya uzito mkubwa na siku moja ya kunyanyua kwa haraka, na kati ya siku hizo mbili yalipita takriban masaa 72.

Kisha kuna wale wa kila siku. Katika mchezo wa jirani, ule wa Olimpiki, kocha Ivan Abadjiev wa Bulgaria aliwafanyisha vijana wake mazoezi mazito kila siku, tena mara kadhaa kwa siku. Mwaka wa 1972 mjini Munich, Bulgaria ilipata medali tatu za dhahabu katika mchezo huo. Lakini vijana hao walilishwa na serikali, walilala vizuri na hawakuwa na kazi nyingine. Tena mwaka wa 1988 mjini Seoul, washindi wawili wa Bulgaria walinyang'anywa dhahabu kwa sababu ya dawa zilizokatazwa, na timu ikaondolewa. Anayeiga ratiba hiyo leo anaona siku za mazoezi tu. Haoni sahani iliyojaa, wala dawa.

Watafiti nao walijaribu kumaliza ubishi. Mwaka wa 2018 ulichapishwa utafiti wa Marekani uliowafuatilia vijana 28 kwa majuma 6. Kundi moja lilifanya mazoezi siku 3 kwa juma, jingine siku 6, huku jumla ya kazi ikiwa sawa. Nguvu ziliongezeka karibu sawa. Hivyo mtu mwenye seri 12 za kuchuchumaa kwa juma anaweza kufanya 4 kwa siku tatu, au 2 kwa siku sita. Siku ni namna ya kugawa mzigo, kama vile gunia la muhogo linavyoweza kubebwa kwa safari tatu au sita.

Historia hiyo ina maana gani kwa kijana wa Bukavu, Uvira au Bunia, au kwa mhami aliye kambini? Kwanza, anayeanza anatosheka na siku tatu, na manyanyuo yote matatu yakiwemo kwa kiasi kidogo. Anayefika mbali na kuona siku moja imekuwa ndefu mno, anaweza kugawa kazi katika siku nne. Siku sita zinawafaa wachache wenye chakula na usingizi wa kutosha.

Pili, anayechota maji kwa bidoni ya lita 20 mara kadhaa kwa siku, au anayelima na kubeba kuni, tayari amefanya kazi nzito. Mzigo huo uhesabiwe. Anayekula mara moja kwa siku aanze na siku mbili, kwa maana mwili haujengi misuli bila chakula. Homa au usiku bila usingizi ni sababu ya kutosha ya kuacha chuma chini siku hiyo.

Tatu, wale ambao vita vimewaachia mguu dhaifu au mkono usio na nguvu wakumbuke askari wa Chicago. Nao walianza na uzito mdogo, wakapimwa kila juma, wakaongezewa taratibu. Walikuwa na daktari karibu, kwa hiyo mwenye jeraha aanze kwa kumwona daktari au mtaalamu wa kine.

Daftari la kawaida linatosha kwa kuanza: tarehe, uzito, marudio, na namna mtu alivyolala usiku uliopita. Baada ya majuma manne litaonyesha kama siku ziongezwe au zipunguzwe. Mwalimu wa Gerenus hakuwa na haja hata ya daftari. Mwanafunzi wake alikuwa amekwisha kumwambia.