Kiingereza: Umoja na kistari kifupi katika vivumishi ambatano

MWANAFUNZI wa Kitui au Makueni anapoandika “a five years old child”, kosa lake lina asili inayoeleweka. Katika Kikamba, sawa na Kiswahili, nomino hutangulia na maelezo yake hufuata: mtoto wa miaka mitano. Kwa kuwa miaka ni mitano, wingi hauepukiki. Kiingereza hakifuati njia hiyo.

Kanuni yenyewe ni hii. Idadi na kipimo vinapowekwa mbele ya nomino ili kuieleza, huwa kivumishi kimoja. Kwa vile vivumishi vya Kiingereza havibadiliki kwa wingi, kipimo hicho hubaki katika umoja, na maneno huunganishwa kwa kistari kifupi. Kwa hiyo tunaandika “a five-year-old child”, “a ten-kilometre road” na “a 90-kilogram bag of green grams”, yaani gunia la ndengu la kilo 90. Wingi huangukia nomino inayoelezwa pekee: “three 90-kilogram bags”.

Maelezo yakija baada ya kitenzi, wingi hurejea na vistari hutoweka: “The child is five years old”, “The road is ten kilometres long”.

Mfano mzuri unapita katikati ya Makueni. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka wa 1896, ikapitia Kibwezi na Makindu, huitwa “metre-gauge railway”, kwa sababu upana kati ya vyuma vyake ni mita moja. Reli mpya iliyozinduliwa mwaka wa 2017 ina upana wa milimita 1,435. Mtu akitaka kutaja kipimo hicho mbele ya nomino, ataandika “a 1,435-millimetre gauge”, wala si “millimetres”.

Je, kistari kina uzito gani? Tutazame simba wawili waliowaua wajenzi wa reli hiyo huko Tsavo mwaka wa 1898. Hao walikuwa “man-eating lions”, simba wala watu. Lakini anayeandika “I saw a man eating lion” bila kistari amesema kwamba alimwona mtu akila nyama ya simba.

Katika biashara, kosa kama hilo laweza kumtia mtu hasara. Tuseme mrina asali wa Mwingi amepokea agizo la “twenty five litre containers”. Ikiwa mnunuzi alikusudia “twenty five-litre containers”, anahitaji vitungi 20 vya lita tano, yaani lita 100 kwa jumla. Ikiwa alikusudia “twenty-five-litre containers”, anataka vitungi vya lita 25, na idadi yake hajaitaja. Katika hali kama hiyo ni busara kuchanganya tarakimu na maneno: “20 five-litre containers”.

Kanuni hii haikomei kwenye vipimo. Wakulima wa maeneo haya makavu hupanda “drought-resistant crops”, mimea inayostahimili ukame, na wengi wao ni “small-scale farmers”.

Hata hivyo, kuna mipaka. Kielezi kinachoishia kwa “-ly” hakihitaji kistari: “a newly built dam”. Kifupisho cha kipimo nacho huandikwa bila kistari: “a 90 kg bag”. Baadhi ya nomino hubaki na “s” hata zinapoieleza nomino nyingine, kama vile “savings account” na “sports day”. Pia, usichanganye “a three-day meeting”, mkutano wa siku tatu, na “three days’ leave”, likizo ya siku tatu, ambapo alama ya ritifaa huonyesha umilikaji na wingi husalia.

Mwandishi anayesitasita na ajiulize maswali mawili. Je, maelezo yametangulia nomino? Je, maneno hayo yanafanya kazi pamoja kama neno moja? Jibu likiwa ndiyo kwa yote mawili, basi aandike kipimo kwa umoja na atie kistari.