Mkono Haujui Kama Ni Mbao

Nyuma ya mlango wa sebule ya mjomba wangu palikuwa na bunduki ya mbao. Ilibaki pale tangu alipohitimu mafunzo ya mgambo, ambako makuruti walishikishwa mbao kwanza kabla ya kukabidhiwa chuma. Haikuwa na triga wala tundu kwenye mtutu. Jioni moja niliichukua, nikamwelekezea dada yangu kifuani, pah! pah! Mjomba aliinuka kitini, akaninyang'anya, na siku hiyo nililala na njaa.

"Hii haielekezwi kwa mtu," alisema.

"Lakini mjomba, si mbao tu?"

"Wewe unajua ni mbao. Mkono wako haujui."

Niliona ni ukali wa wazee tu, basi. Miaka mingi baadaye, nikiwa nasoma historia ya silaha za bandia, maneno yake yakanirudia, maana karibu historia yote imo ndani yake.

Hebu kwanza tulitazame neno lenyewe. Leo tukisema bandia tunafikiria noti feki na dawa feki. Lakini kwa wazee wetu bandia ni mtoto wa matambara, yule wa kuchezea. Msichana humbeba mgongoni, humwogesha, humbembeleza. Hamdanganyi mtu. Anajifunza kubeba mtoto kabla ya kupewa mtoto. Bunduki ya mjomba ilikuwa bandia kwa maana hiyo ya zamani.

Majeshi yameijua siri hiyo siku nyingi, mara nyingine kwa kulazimika. Mei 1940, Wajerumani wakiwa wanaibomoa Ufaransa, serikali ya Uingereza iliita raia wajitolee kulinda nchi, katika jeshi lililokuja kuitwa Home Guard. Watu walijitokeza wengi kuliko bunduki zilizokuwepo, basi wengine wakapiga gwaride na mipini ya mifagio mabegani. Wamechekwa sana kwa hilo. Ila sehemu kubwa ya kujifunza silaha siyo kufyatua. Ni kujua unaibebaje, mtutu unaelekea wapi unapogeuka, na mwenzako amesimama wapi. Hayo hata mfagio unafundisha.

Tatizo ni kwamba mfagio haufanani na bunduki. Waliolipeleka suala la kufanana mbali zaidi ni Wajapani. Baada ya Vita Kuu ya Pili nchi yao ilibana silaha vikali, na chini ya sheria ya 1958 bastola ikawa kitu ambacho raia wa kawaida hawezi kumiliki. Lakini sinema za Marekani zilikuwa zinaonyeshwa, na macho hayana sheria. Miaka ya 1960 viwanda vyao vikawa vinatengeneza bastola za mfano, za chuma, zenye umbo na sehemu za ndani kama za kweli, ila hazitoi risasi. Zilifanana mno. Mwaka 1971 serikali ikaamuru bastola za mfano za chuma zizibwe mtutu na zipakwe rangi nyeupe au ya njano. Hapo nilisimama kidogo kusoma. Serikali haikukataza igizo. Ilitaka kila anayeliona ajue kuwa ni igizo.

Wapenzi wa mifano wakahamia kwenye plastiki, na miaka ya 1970 na 1980 ikakua easofti: bunduki zinazorusha kwa hewa au gesi vigololi vya plastiki, vingi vikiwa vya milimita 6. Mwaka 1991 kampuni ya Tokyo Marui ikatoa bunduki ya umeme iliyofungua njia kwa nyingine, kwa mfano wa FA-MAS ya jeshi la Ufaransa. Mwaka 2006 Japani ikaweka kikomo cha nguvu yake, chini kidogo ya jouli moja.

Na hapa ndipo mchezo ulipogeuka shule. Wapiga shabaha wa bastola halisi siku zote walikuwa na zoezi la nyumbani: kutoa risasi zote, kulenga ukuta, kubonyeza triga polepole bila mtutu kutikisika. Zoezi zuri, lakini halikujibu. Hujui ungepiga wapi. Bunduki ya gololi inajibu. Unatundika kitambaa kizito ndani ya boksi, unavaa miwani ya kinga, na kila gololi inakuonyesha ulipokosea. Unaweza kurudia mara mia usiku mmoja, kuchomoa kiunoni, kulenga, kubonyeza, bila jirani kusikia. Haifundishi teke la bunduki, wala ule mlipuko unaomfanya mtu afumbe macho. Mengine mengi inafundisha.

Ushahidi upo. Tatsuya Sakai, Mjapani, kwao hakuweza kumiliki bastola. Alijinoa kwa bunduki za gololi, kisha akaenda Marekani kuzoea za kweli kwa muda mfupi. Mwaka 2004 alishinda Steel Challenge, mashindano ya dunia ya kupiga shabaha kwa kasi, huko California, mbele ya watu waliokua na bastola majumbani. Mkono wake haukuwa umejua kama ni plastiki.

Ningependa kuishia hapo. Siwezi, kwa sababu macho nayo hayajui.

Marekani ina sheria ya shirikisho tangu 1988 inayotaka bunduki za kuchezea ziwe na alama ya rangi ya chungwa kwenye mtutu. Wazo ni lile lile la Wajapani. Tarehe 22 Novemba 2014, mjini Cleveland, mtoto mweusi wa miaka 12, Tamir Rice, alikuwa bustanini na bunduki ya gololi ambayo alama yake ilikuwa imeondolewa. Mtu aliyempigia polisi simu alisema huenda ni ya bandia, na huenda mwenyewe ni mtoto. Maneno hayo hayakuwafikia askari waliotumwa. Gari lilifika, na ndani ya sekunde kama mbili mtoto alikuwa amepigwa risasi. Alifariki siku iliyofuata. Hakuna askari aliyeshtakiwa.

Sakai na Tamir walishika kitu cha aina moja. Mmoja kufanana kulimpa ubingwa, mwingine kulimwondolea uhai. Nimejaribu kuwaza ni rangi gani ingetosha kumwokoa yule mtoto, na kila nikikumbuka zile sekunde mbili naona swali halikuwa la rangi ya plastiki peke yake.

Mjomba alishatangulia. Bunduki yake sasa iko kwangu, nyuma ya mlango wa sebule. Mwanangu, ambaye mwaka huu anatimiza miaka 12, ameona bunduki za gololi kwenye simu na anataka nimnunulie. Sijamjibu bado. Juzi nimempa ya mbao, nikamwambia sharti lake.

"Lakini baba," akasema, "si mbao tu?"