Kiti cha Utingo

Gari la mashindano la zamani lilikuwa na mtu wa pili. Alikaa kando ya dereva, akiangalia mitambo, matairi na wanaokuja nyuma. Mwaka 1911, katika mashindano ya kwanza ya maili 500 ya Indianapolis, Marekani, Ray Harroun alifika na Marmon Wasp yenye kiti kimoja. Wapinzani wakalalamika: nani atamwambia kuna gari linamjia? Harroun akafunga mbele yake kioo cha kutazama nyuma, akashinda. Baadaye alisimulia kwamba matofali ya uwanja yalikitikisa kioo kile hata asione kitu.

Kwetu, barabara ya Tanzam iendayo Zambia, mtu wa pili hakushuka. Nimeendesha lori lenye tela miaka mingi, na naamini hakuna onyo lililo bora kuliko la utingo anayemjua dereva wake. Ukishalipita gari la mbele, mkia wa tela huuoni vizuri upande wa kushoto. Utingo anatoa kichwa dirishani: “Bado… bado… ingia!” Kijana mmoja niliyekuwa naye alipiga kelele kwa kila pikipiki, nikazoea kutomsikia. Aliyemfuata alinyamaza nilipokwisha kuona mwenyewe, akasema nilipositasita. Huyo nilimwamini hata usiku, kwenye mteremko wa Kitonga.

Madereva nao waliwekeana lugha yao wenyewe ya indiketa. Lori la mbele likiwasha ya kulia, tulia, kuna gari linakuja. Likiwasha ya kushoto, pita. Unampa maisha yako mtu usiyemjua, kwa sababu naye anaiona hatari usiyoiona.

Katikati ya miaka ya 2000 Volvo ilianza kuweka kamera chini ya vioo vya pembeni: gari likiingia pale usipoona, taa inawaka. Mwaka 2008 kikatoka kiwango cha kimataifa cha mifumo ya namna hii, ISO 17387, kinachozingatia kasi ya gari linalokujia kutoka nyuma. Mifumo mingi huwasha taa kimya kimya, na hulia tu dereva akiwasha indiketa. Huo ni utaratibu wa utingo mzuri.

Ila onyo lililopangwa kwa sekunde zinazomtosha dereva wa barabara pana ya Ulaya humjia mwingine mapema mno, akaizima mashine. Ningependa wahandisi wanaozipanga sekunde hizo wapande lori kutoka Mikumi hadi Iringa, wakae kiti cha utingo, wasikilize “bado” inatamkwa lini.