Uwiano wa difu

Uwiano wa difu ni idadi ya mizunguko ambayo propela shafti huzunguka ili magurudumu ya ekseli yazunguke mara moja. Hupatikana kwa kugawa meno ya gia kubwa ya difu kwa meno ya gia ndogo inayoizungusha. Gia kubwa ikiwa na meno 41 na ndogo meno 10, uwiano ni 4.1. Namba ikiwa kubwa, gari hupata nguvu zaidi ya kupanda na kuvuta, lakini injini huzunguka zaidi kwa mwendo uleule.

Umuhimu

Katika wilaya za Tarime na Serengeti, mkoani Mara, magari yanayoendeshwa kwa magurudumu manne hutumika kwenye miinuko ya Tarime, barabara za vumbi za kuelekea Mugumu na udongo mweusi wa mbuga unaonasa magari wakati wa masika. Pikapu iliyotumika huenda iliwahi kubadilishiwa difu moja, na muuzaji asijue.

Difu ya mbele na ya nyuma lazima ziwe na uwiano sawa. Transfa inapounganisha ekseli zote mbili, propela shafti zake huzunguka kwa kasi moja. Ikiwa difu moja ni 4.1 na nyingine 4.3, magurudumu ya mbele na nyuma hutofautiana kwa karibu asilimia 5. Kwenye tope matairi huteleza na kasoro haionekani upesi. Kwenye barabara ngumu mkazo huishia ndani ya gia, na transfa au difu inaweza kuvunjika. Kwa hiyo, kulijaribu gari kwa magurudumu mawili pekee hakutoshi.

Namna ya kutambua

* Kibao cha gari: Magari mengi ya Toyota yana kibao chenye msimbo wa ekseli. Kibao huonyesha difu iliyotoka kiwandani, si iliyofungwa baadaye.
* Kuhesabu mizunguko: Gari liwekwe mahali tambarare, injini izimwe, magurudumu yanayobaki chini yawekewe vigingi na gia iwe huru. Transfa iwe kwenye magurudumu mawili na handbreki iachiwe. Gurudumu moja la nyuma liinuliwe kwa jeki na ekseli ikalishwe juu ya stendi imara. Gurudumu hilo likizungushwa mara 20, propela shafti itazunguka mara 41 kwa difu ya 4.1, au mara 43 kwa difu ya 4.3. Hesabu hii haifai kwa difu iliyofungwa au yenye kizuizi cha kuteleza. Kwa ekseli ya mbele, hab zifungwe kwanza.
* Kuhesabu meno: Difu ikifunguliwa, meno huhesabiwa moja kwa moja. Hii ndiyo njia ya uhakika kabisa.

Mfano wa Land Rover

Land Rover za Series kwa kawaida zilikuwa na difu ya 4.7, wakati Defender za zamani zilikuwa na 3.54. Baadhi ya wenye Series hufunga difu za 3.54 ili kupata mwendo zaidi, wakipoteza nguvu ya mlimani. Mabadiliko hayo yafanywe kwenye ekseli zote mbili. Spidomita inayoendeshwa kutoka kwenye transfa pia hupotosha mwendo hadi irekebishwe.